Swali la Kumi na Nne

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigonga meza,
miaka hamsini na minane, kalamu mbili, miwani ya mke wangu,
katika darasa la chuo cha ufundi, Glace Bay,
theluji dirishani, redieta ikikohoa.
Kushoto kwangu kijana wa akina Doucette, ndevu hazijamaliza kuota.
"Mzee Lauchlin," alininong'oneza, "hata wewe?"

Hata mimi.
Miaka thelathini nimetambaa juu ya dari za mji huu,
pamba ya kioo ikiniwasha shingoni,
na aliyeniuliza leseni nilimfunulia viganja.
"Soma hapa," nilimwambia.
Watu walicheka, wakalipa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
hilo nililijua. Nililijua mno.
Nyumba ya Murdena MacAskill ilijengwa na kampuni ya makaa,
mbao zimechoka, upepo wa Atlantiki ukiingia bila hodi.
"Lauchlin," alisema, "bili ya mafuta inanimaliza kuliko uzee."
Nikaziba. Siku nne, povu na gundi na utepe,
nikaziba hadi tundu la ufunguo la mlango wa nyuma.
Nyumba ikatulia kama chupa iliyotiwa kizibo.
Akanifungia biskuti za shayiri kwenye kitambaa.

Dohani sikuipima.
Hakuna aliyenituma, nami sikujituma.

Jumatano aliinjika supu ya mbaazi kwenye moto mdogo,
akawasha feni ya jikoni, akaenda bingo ya kanisa.
Feni ikatafuta hewa ya kuvuta. Ikakosa ufa.
Ikaivuta palipobaki njia, kooni mwa dohani,
na moshi wa tanuri, uliokuwa ukienda zake angani,
ukageuza uso, ukashuka ngazi,
ukakaa sebuleni, mgeni asiye na harufu.

Bingo ilimchelewesha hadi saa nne. Alishinda dola kumi na mbili.
Alipofungua mlango kichwa kilimgonga; akarudi nje,
akasimama kwenye theluji na viatu vya kanisani,
akimwita jirani, kisha akimwita paka.
Jirani alikuja.

Baba yangu alikuwa na cheti cha kupima gesi mgodini.
Kilitundikwa jikoni, ndani ya fremu
nzuri kuliko ya picha ya harusi yake.
Utotoni niliona ni majivuno.
Kumbe wanaume arobaini walishuka kila alfajiri
wakiwa wamejiegemeza kwenye karatasi ile,
wengine hata hawampendi,
wengine wana deni lake.

Swali la kumi na nne:
*Kabla na baada ya kuziba nyumba, fundi atapima nini, na kwa nini?*
Mistari mitatu ya kujibia.
Kijana wa Doucette alijaza mitatu, akapita.
Mimi nilijaza mitatu, nikajaza pambizo, nikageuza karatasi:
uvujaji wa hewa kwa feni ya mlangoni,
mvuto wa dohani, feni zote zikiwa zimewashwa,
gesi ya tanuri, chumba kwa chumba, mara mbili.
Na penye *kwa nini*, kwa herufi kubwa, nikaandika:
FLOSSIE.

Msahihishaji alinikata nusu alama. *Jibu halieleweki.*
Nilifaulu hata hivyo.

Leseni ilipofika sikuitundika.
Niliipeleka kwa Murdena kwanza, ningali na mashine mabegani.
Alivaa miwani, akaisoma yote, hata nambari, hata mhuri.
"Inaisha muda Machi, mwaka wa pili kutoka huu," alisema.
"Nitarudi kukaa mtihani."
"Utarudi," alisema, na hakuuliza.
Kisha akasogea mlangoni, nafasi ya mtu mmoja kupita.

Niliwasha feni ya jikoni, nikawasha tanuri,
nikashika njiti ya moshi karibu na dohani.
Moshi ulisita.
Murdena alikuwa amekaa kwenye kiti kile, mikono mapajani.
Sote wawili tuliutazama
hadi ulipoamua kupanda.