Ishirini na Moja

Vidonge vyeupe vilikuwa ishirini na kimoja,
vya kahawia saba, vya kupumzikia.
Miaka minne nilivimeza saa ya taarifa ya habari,
redio ikisema ya serikali
nami nikisema yangu kimoyomoyo: bado, bado.

Januari niliitupa pakiti ya mwisho chooni,
nikaisikia ikitua.
Uongo. Sikusikia kitu,
shimo la kile choo ni refu.

Sista Imali wa zahanati ya Khayega
alisema miezi mitatu, pengine sita:
mwili husahau, mama, kisha hukumbuka.
Hakusema hukumbushwa na nani.

Mwezi wa kwanza, siku arobaini bila damu.
Nilikwenda kununua kipimo Kakamega mjini
kwa duka nisikojulikana. Mstari mmoja.
Wa pili, damu ilikuja Jumapili,
katikati ya harambee ya mabati ya kanisa,
nikasimama kutoa mia mbili, leso kiunoni.
Wa tatu ilichelewa siku nne,
na siku zote nne nilitembea
kama aliyejitwika yai kichwani.

Mavyaa hasemi neno.
Huleta karanga, huleta mrenda,
hunitazama tumbo anapodhani nachambua mboga.
Barabarani, jiwe la Ilesi hulia mchana kutwa
na watu hulipiga picha.
Mimi hulia bafuni, maji yakiwa wazi.

Yai la kuku nalo ni siku ishirini na moja.
Nalijua hilo kuliko nijuavyo sala;
kiangulio chetu hubeba mayai themanini na nane,
na wateja huniita Mama Vifaranga,
hawajui wanaloniita.

Juzi usiku, siku ya saba, stima ilipotea.
Mvua ilikuwa haijamaliza hasira ya alasiri.
Mukabana akakifunika kiangulio
kwa blanketi letu la harusi,
akachemsha maji, akajaza mitungi,
akaipanga kandokando kama walinzi.
Kisha, mgongo kanigeuzia:
"Na mimi je, nikapimwe?"

Sikumjibu. Nilimshikia tochi.

Tukamulika moja moja.
Lenye uhai lina mishipa myembamba,
Isiukhu na Yala zikitafutana gizani.
Lisilo kitu hung'aa lote,
safi, zuri kuliko yote kutazama.
Kijitabu cha ufugaji huliita yai tasa.
Mukabana hulisoma jina hilo kwa sauti kila mara;
juzi alisema tu, "Hili hapana,"
akaliweka kando polepole, juu ya kitambaa.
Kumi na moja hapana.
Hakuna aliyekwenda bandani
kumuuliza kuku amekosa nini.

Halafu akaielekeza tochi kitovuni mwangu,
akakunja uso kama daktari wa mkoa.
"Naona ugali," akasema.
Tulicheka hadi mbwa wa jirani wakabweka.
"Alhamisi," nikamwambia. "Twende wote wawili."

Stima ilirudi saa nane,
mashine ikaanza kunguruma chini ya blanketi,
hakuna aliyeinuka kulitoa.

Leo ni siku ya tisa.
Ya mayai, nasema.
Zangu mimi niliacha kuhesabu.

Uongo.
Ni ya kumi na sita.