Njia ya Kurudi

Nyuma ya maabara ya hospitali, hapa Wete,
kuna jenereta. Umeme ukikatika huamka,
ikakohoa, ikashika, ukuta ukaanza kutetemeka,
meza ikapokea kwa ukuta, hadubini ikapokea kwa meza,
na Bi Mgeni, jicho moja kalifumba,
akapoteza hesabu kwenye mia na arobaini.
"Mkasi," aliniita, "vijidudu vinacheza ngoma.
Nitaisomaje damu ya mtoto inayorukaruka?"

Nikaifuata shokomzoba ya Vespa ya marehemu baba.
Vespa iliuzwa; hiyo moja ilibaki uvunguni, kama jino.
Nikaifungua, nikaiosha kwa mafuta ya taa,
pistoni nikaivisha koili, mizunguko mia mbili na kumi,
waya mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.
Vumbi la chuma niliwaomba wachomeaji wa Limbani,
nikalichunga kwa chekeche ya unga, nikalianika busatini.
"Lisije likaingia kwenye karafuu zangu," mama akasema,
"tukaambiwa tunauza misumari."

Vumbi, mafuta, grisi kidogo: uji mweusi.
Bila umeme unamiminika.
Uupe ampea moja, unasimama:
punje zinajipanga, bega kwa bega, safu kwa safu,
kama watu waliosikia iqama.
Zima. Wametoa salamu, kila mtu na kwake.

Wanasema yakimwagika hayazoleki.
Haya yalimwagika Ijumaa, sakafuni kwa mama,
nikayazoa kwa sumaku ya spika.

Cherehani ya miguu ilinipa gurudumu,
gurudumu likasukuma pistoni, juu, chini.
Nguvu niliipima kwa mizani ya karafuu, ile ya ndoana.
Sindano yake nzito, nikairekodi kwa simu,
kisha nikasoma picha mojamoja mpaka alfajiri.
Nusu ampea. Ampea moja.
Moja na nusu: koili ikanuka.

Halafu hesabu. Mlinganyo wangu
ulichora mstari mmoja, mnyoofu, wenye adabu:
kasi ikizidi, ukinzani unazidi; ikipungua, unapungua.
Vipimo vikakataa. Vilichora kitu
kama jani, kama mdomo uliofunguka kidogo.
Njia ya kwenda haikuwa njia ya kurudi.
Siku tatu nililaumu mizani, nikalaumu simu,
nikamlaumu Faki, mdogo wangu, aliyekanyaga cherehani.
Kumbe uji unakumbuka.
Nikaongeza herufi moja, ya kumbukumbu,
na jani likajichora, karibu lote.
Pale kwenye ncha tu, pistoni inapogeuka,
bado nakosea.

Nyingine tatu nilizipata kwa mafundi wa Chake.
Tukazifunga zote nne chini ya jenereta, pamoja na springi,
na umeme wa koili nikauvuta kutoka ukutani.
Ukutani!
Jenereta inayoamka pale tu ukuta unapokufa!
Bi Mgeni alicheka mpaka akavua miwani.
Nikageuza waya. Sasa mwenye kutikisa
ndiye anayelipia utulivu.

Jumatatu umeme ulikatika saa nne.
Nilisimama mlangoni, sikuingia.
Kidole chake kilibonyeza kihesabio, tak, tak,
maji kwenye bilauri yake yametulia.
"Mia mbili," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.
Akaandika kitu daftarini, akakifunika kwa kiganja.
Nilitaka kumweleza habari ya ile ncha.
Alikwishachukua kioo kingine.

Kila asubuhi nakuta chuma kimelala chini,
mafuta yako juu, safi, hayana kazi.
Nazifungua moja baada ya moja,
nazitikisa kwa mikono miwili, kwa nguvu,
mpaka mabega yanauma.
Faki ananiuliza, si tulitaka kitu kisichotikisika?
Namwambia ashike ile ya nne.