Ukurasa wa Kushoto

Kalenda ya duka la dawa bado imening'inia ukutani,
mwezi wa Machi haujapita tangu mwaka juzi:
nyumba nyeupe zimepandana mlimani kama vikombe kabatini,
chini yake bahari ya Italia,
buluu kama ya kupakwa.
"Huku," ulisema, Zahor, kidole kimegusa roshani ya hoteli,
"huku nitakupeleka."
Nikasema inshallah, nikaendelea kuchagua mchele.

Kisha viza. Kisha goti lako.
Kisha bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja,
tukaigeuza riali, tukacheka
mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

Basi leo, hapa hapa Al-Khuweir, baada ya isha,
umeleta daftari la mjukuu lililobakia kurasa
na rula. Rula, mwanamume wewe!
Ukurasa wa kulia umeumiliki:
Maskati mpaka Kuriyat, tujaze petroli.
Shimo la Bimah, dakika arubaini.
Fins, chakula: mkate wa kumimina, nguru wa kukaanga,
chupa mbili za chai, yangu haina sukari.
Tiwi. Kalhat.
Sur kabla ya magharibi.
Vidonge vya presha saa mbili kamili
popote tutakapokuwa.

"Na wewe andika," ukanisukumia kalamu.
"Wa kushoto ni wako."

Niandike nini?
Mwaka wa harusi yetu tulipita pwani hii hii,
lami haijafika, changarawe tupu,
watu kumi na mmoja gari moja:
mama yako mbele, mimi nyuma na bakuli la halua mapajani,
wewe juu ya magunia, kilemba umejifunga usoni kwa vumbi.
Ndiyo fungate hiyo.
Tulishikana mikono mara moja tu,
gari liliponasa wadini, uliponivuta nisiteleze,
na shangazi yako akakohoa.

Tangu siku ile nakudai.
Sikuandika popote. Deni la namna hii halina risiti.

Muhanna amepita, akachungulia daftari:
"Mnakwenda na nani?"
"Mimi na mama yako."
"Ndiyo, na nani?"

Hawa wanetu tukiwaita kwa Kiswahili huitika kwa Kiarabu,
na Wadha, mjukuu, ameibatiza lugha yetu
"lugha ya mlango uliofungwa,"
maana ndiyo tunayogombania
na ndiyo tunayopatania.
Garini itakuwa lugha yote.
Kilomita mia mbili, hakuna wa kumfasiria.
Utaniita tena "we bibi we,"
nami nitakuita lile jina
ambalo hata hapa siliandiki.

Nimeandika, kwa herufi zangu za chuoni zilizolala upande:

Baada ya Tiwi tusimame pasipo na jina.
Pasiwe na kibao, wala mgahawa, wala kijana wa kupiga picha.
Uzime gari. Usitazame saa.
Mimi nitavua viatu.
Goti lako likikataa kokoto, bega langu lipo,
na mwenye kukohoa akohoe.

Umesoma. Umevua miwani, umeifuta, umesoma tena.
Ukachukua rula, ukapiga mstari chini ya Tiwi,
nikadhani sasa utaniuliza: dakika ngapi?
Hukuuliza.
Umeacha mistari minne mitupu,
ndipo ukaiteremsha Kalhat.

Limebaki la siku. Wewe unasema Alhamisi.
Alhamisi Muhanna analeta watoto.
"Basi Jumatano."
Tuwaambie?
Umefunga daftari, umeliweka chini ya mto wa kiti,
ukalikalia.