Shimo la Mti

Kiwanja chetu cha Majengo kina sakafu mbili:
hii ninayoikanyaga, nyeusi, yenye ncha,
inayokula viatu kabla mwezi haujaisha,
na ile iliyo chini yake, kina cha mtu mmoja,
ambayo mama aliwahi kuifagia.

Mwaka ule mlima ulipoteremka mjini
nilikuwa na miaka tisa na ndoo ya manjano.
Tuliporudi Goma, jirani alikuwa anaingia kwake kwa dirishani.
Akalitia bawaba, akaliita mlango.
Hadi leo wageni hubisha hodi hapo, wala hawakosei.

Mimi hufundisha falsafa, mwaka wa sita,
madawati kumi na manane, wanafunzi sabini.
Naandika ubaoni NAFSI, napiga mstari chini yake.
Nasema: kuna anayejua na kuna kinachojulikana;
mtu akijigeukia mwenyewe, anakuwa yupi?
Wananakili. Kikohozi changu pia wanakinakili.
Kisha kengele, na chaki inabaki kwenye suruali.

Juma lililopita nilimwita Katembo anichimbie choo.
Alikuja na nyundo, patasi tatu, maharagwe kwenye mkebe.
Hakuuliza nataka wapi. Alitembea akigonga,
sikio upande, kama mtu anayenunua chungu:
hapa ti, hapa ti, hapa du.
"Umejuaje?" nikauliza, kwa sauti ile ya darasani.
"Mwalimu, jiwe halijibu swali. Linajibu nyundo."
Nilitaka kuyaandika hayo. Kalamu ilikuwa ndani.

Siku ya nne patasi ikazama hadi kiganjani.
Ikatoka pumzi ya baridi, yenye majivu na mvua za zamani.
Tundu la mviringo, limesimama wima kama koo.
"Hili sikulichimba mimi," akasema Katembo,
akalala kifudifudi, akachungulia, akanipisha.

Niliingiza mkono hadi begani.
Vidole vikakuta makunyanzi, mifereji, fundo,
ila yote kinyume: palipotuna pamebonyea,
palipobonyea pametuna,
na chini ya fundo la pili, kovu la tawi
ambalo baba alilikata siku nilipoanguka.
Mti wetu wa avoka.
Moto uliukuta ukiwa bado na maji mwilini,
jiwe likagandia umbo lake,
na mti ukateketea polepole ndani ya kumbatio hilo,
ukaacha kila kitu chake isipokuwa wenyewe.

Niseme haupo? Mkono wangu unaujua leo
kuliko macho yalivyoujua ulipokuwa na majani.
Niseme upo? Nani atakula avoka zake?
Pengine ndivyo nilivyo nami:
mama, njia ya Gisenyi usiku, fimbo na Kifaransa cha mapadre,
hasira moja ya baba,
vyote vimeganda kunizunguka,
na katikati, pale ninapopaita mimi,
hewa tu, yenye alama za magome.

Au sivyo. Sijui.
Darasani hulivaa neno hilo kama tai.
Pale chini, bega likiuma, kokoto kinywani,
lilikuwa sijui jingine, halina kola.

"Choo kizuri hiki," Katembo akasema. "Tayari kina koo."
"Chimba kando."
Akalitazama jiwe zima lililobaki, akahesabu siku.
"Mti ulishakufa, Mwalimu."
"Najua."
"Unajua," akasema, wala hakuwa anauliza,
akaokota nyundo, akaanza kugonga tena, ti, ti.

Jumatatu Kavugho wa dawati la mbele
aliona michubuko tangu kiwiko hadi kwapani.
"Mwalimu, mkono umefanya nini?"
Sabini wakashika kalamu.
Nikasimama na chaki,
nikitafuta kitenzi.