Vyumba Kumi na Sita

Alikuja kupiga usiku tatu tu, hoteli ya karibu na posta.
Akakaa miaka kumi na mmoja.
Bwana Evrard, aliyeongoza watu kumi na saba kule Lioni,
suti za rangi moja, basi moja,
na deni lililolimeza lile basi.

Lubumbashi ilimpa piano ya parokia, Katuba.
Mchwa walikwisha kula vibao viwili vya chini.
"Si neno," alisema, "nilikuwa navitumia vibaya."

Sisi alitutoa kwenye fanfare ya kampuni,
mikono bado inanuka shaba.
Mimi Kilufya, tromboni ya pili.
Alinifundisha kunyamaza kwanza;
kupuliza, alisema, hata dohani inapuliza.

Umeme ukikatika, hakuacha.
Tulifuata kiatu chake cha kushoto
kikigonga sakafu gizani,
na vumbi jekundu la mwezi wa tisa kwenye meno.

Tulimzika kabla ya mvua.
Mkoba wake ninao: karatasi, penseli,
tiketi ya kurudi, haijatobolewa.
Tarumbeta aliziandikia kila kitu, hata pa kuvuta pumzi.
Piano, vyumba kumi na sita vitupu
na neno moja: *mimi*.

Alhamisi bado tunapiga.
Tukifika hapo tunashusha vyombo, tunahesabu.
Binti wa Mwewa hukaa kwenye stuli, hagusi kitu.
Juzi, chumba cha tisa,
mguu wake wa kushoto ukaanza kugonga.