Gunia la Saba

Chumvi ilitoka Lindi, kule wanakoikausha juani,
ikapita Nachingwea, ikanyeshewa, ikafika Liwale imegandamana,
magunia kumi na mawili juu ya lori la Nakuchema,
na mimi ndiye niliyetia dole gumba kuyapokea.
Hapana, nilitia saini. Dole gumba ni la mama.

Kazi yenyewe karatasi iliiita
Kuhuisha Makazi ya Wanyamapori.
Sisi tuliiita kuchimba.
Tulichimba lambo katika mbuga ya Nambunju,
palipoungua miaka minne mfululizo
hata mchwa wakahama.
Tukafyeka njia ya kuzuia moto, mita sita upana,
tukapanda mikongo, mininga, mipingo
(mpingo hauna haraka ya kwenda popote;
atakayeuvuna, babu yake bado hajazaliwa).
Posho elfu saba kwa siku, maji ya kunywa uje nayo.

Mfadhili hatukumwona. Tuliambiwa ni chama cha wawindaji,
watu wa mbali wanaowapenda sana nyati.
Binamu yangu Mkwepu akauliza mkutanoni:
"Wanawapenda vipi?"
Mwenyekiti akasema ajenda ni maji na miti.

Mwaka wa kwanza walikuja ngedere.
Wa pili, swala wawili, kama wageni wasioujua mlango.
Wa tatu, masika yalipokatika,
nilikuta tope la lambo limesongwa kama ugali:
kwato, kwato, kwato.
Nikachuchumaa, nikaweka kiganja ndani ya alama moja,
kikaenea chote na nafasi ikabaki.
Sikumwambia mtu mpaka jioni.
Kuna furaha ukiitamka upesi inapukutika.

Dume lile lilikuwa na sikio la kushoto lililochanika.
Nililimwagia chumvi juu ya kisiki,
nikajibanza nyuma ya kichuguu,
nikalitazama likilamba polepole
kama mtu anayehesabu pesa za kuazima.

Ikaja Julai. Orodha ikabandikwa mlango wa ofisi ya kijiji,
mgao wetu kwa kila kichwa.
Nilipiga hesabu kwa kidole:
nyati, madawati arobaini;
palahala, mabati ya darasa upande mmoja;
tandala, nusu ya choo cha zahanati.
Mwalimu Abiba Chilumba aliisoma mara mbili,
kisha akalitazama paa la darasa la tatu.

Mwindaji alikuwa mzee mpole, magoti yakimsumbua.
Alinipa shikamoo, mimi, wa umri wa mjukuu wake.
Nikaitika marahaba. Ningefanyaje?

Risasi ilikuwa moja.
Tuliisikia tukimwagilia miche. Mkwepu hakuinua kichwa.

Jioni wakaniita: lete chumvi.
Gunia lilikuwa lile lile, la saba,
uzi wake nilikuwa nimeukata mwenyewe.
Kichwa kilikuwa juu ya turubai, na sikio
sikutaka kulitazama, nikalitazama.
Nilisugua kama walivyonielekeza,
ndani ya midomo, kuzunguka macho,
usiache mkunjo, dada, utaoza.
Ulimi walikuwa wameshautoa.

Nyama tuligawiwa. Nilikula.
Ilikuwa tamu, sitasema uongo,
wala haikuhitaji chumvi nyingi.

Desemba madawati yalishushwa.
Mwanangu amekalia lake, anasema linanuka vanishi.

Leo niko Nambunju, mikongo imenifika kiunoni.
Usiku walipita tena, na ndama wawili kati yao,
vikwato vidogo kama vifuniko vya soda.
Magunia yamebaki matano.
Nimekata uzi wa la nane,
namwaga juu ya kisiki kile kile.
Sogeeni, nasema kimoyomoyo.
Halafu nasema, msisogee.
Upepo leo unatoka kwangu kwenda kwao.