Putofu

Ruwi, nyuma ya benki, saa saba mchana.
Napiga pasi dishdasha ya thelathini na mbili,
kishada cha shingoni kinanukia udi wa mtu nisiyemjua.
Mista Biju mlangoni, na karatasi:
"Sista, livu yako putofu."

Putofu naijua.
Kila usiku ananiambia: putofu taa, putofu pasi,
nami nazima, nafunga mlango.
Basi likizo yangu imezimwa.
Nikaiona sebule yetu ya Pangani ikiingia giza,
Mwanahawa wangu anapapasa ukuta
akitafuta swichi.

Nikalia. Biju akababaika:
"Sista, no brekidauni, no brekidauni."
Nikaitazama mashine namba nne.
Kibandiko chake kinasema neno hilo hilo tangu Shaabani,
tumbo wazi, nyaya nje,
fundi hajaja.

Marivic ndiye aliyenifumbulia, juu ya kapu la mashuka:
kitenzi chao hutembea na mtoto nyuma.
Badilisha mtoto, na mama anakuwa mtu mwingine.
Na kuna siku mama ni yule yule, mtoto ni yule yule,
ila wamehama nyumba.
Ya taa ni kuzima.
Ya likizo ni kusogeza mbele.

Kwetu mtoto yumo tumboni, nikamwambia:
toa, tolea, toleana.
Humwoni, lakini anapiga mateke.

"Anapiga!" Akacheka hadi shuka likamponyoka.
"Nyinyi kila kitu mnapiga!"
Kweli. Napiga pasi, na haijaniudhi.
Napiga deki, mswaki, hodi, chafya,
na picha ya kumtumia mama, nayo nimeipiga.
Akaandika daftarini, akakata, akaandika tena.
"Na kumpiga mtu?"
Hilo, nikasema, ndilo tunalokatazana.

Leo Mfunguo Nne. Biju mlangoni, karatasi nyingine.
Putofu ya tatu.
Sasa maana zote mbili ninazo
na sijui anishike kwa ipi.
Hata yeye haitazami karatasi.

Usiku nitampigia Mwanahawa.
Si kumpiga. Kumpigia.
Irabu moja tu imeingia katikati
na ngumi imefunguka, imekuwa sauti.
Ataniuliza lini.
Nitatafuta kitenzi.

Harufu gani hii?
Ala, pasi! Sijaizima.